Mapafu na maji baridi: mwongozo kwa anayeogelea na anayezamia kwa pumzi moja

Mtu akitoka kwenye maji baridi huku anakohoa, walio kando humwambia amepaliwa, akae kidogo itapita. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna kikohozi kingine, cha mtu ambaye hakumeza hata tone moja, kifua chake kinakoroma na kohozi linatoka na povu la rangi ya waridi. Maji yaliyomo kwenye mapafu yake yametoka ndani ya mwili wake mwenyewe, au mishipa ya mapafu imechanika kwa kubanwa na kina. Huyo akiambiwa apumzike kisha arudi majini, anaweza kufa.

Mwongozo huu ni wa makundi mawili: wanaoogelea masafa kwenye maji baridi, na wanaozamia kwa pumzi moja bila mtungi wa hewa. Kwa kawaida kila kundi hufundishwa mambo yake peke yake. Naona hilo ni kosa, kwa sababu jeraha lao lina mzizi mmoja, na anayeuelewa mzizi huo hahitaji kukariri orodha ndefu ya makatazo. Lakini kusoma hapa hakuchukui nafasi ya mafunzo ya kuzamia chini ya mwalimu, wala ya daktari.

Kwanza elewa kinachotokea kifuani

Ndani ya mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Kati ya hewa na damu kuna utando ambao unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Usingekuwa mwembamba kiasi hicho, oksijeni isingepita. Wembamba huo huo ndio unaoufanya uvuje au uchanike damu inapousukuma kuliko kawaida.

Ukiingia majini mpaka shingoni, maji hukandamiza miguu na tumbo, na damu iliyokuwa imetulia huko chini hupanda kifuani. Ni karibu mililita 700, na hapo hujapiga hata mkono mmoja. Maji yakiwa baridi, mishipa ya ngozi, mikono na miguu hujibana ili joto lisipotee, na damu yake nayo hukimbilia katikati ya mwili. Sasa moyo unapokea damu nyingi huku unalazimika kuisukuma kwenye mishipa iliyobana. Presha ndani ya mishipa ya mapafu inapanda. Ukiongeza juhudi ya kuogelea kwa kasi, majimaji ya damu huanza kupenya utando na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Hivyo ndivyo mwogeleaji hodari, mwenye afya, kichwa chake kikiwa juu ya maji muda wote, anavyojikuta na mapafu yaliyojaa maji.

Mzamiaji anaongeza kina juu ya hayo yote. Mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Hewa lita 6 uliyoivuta juu inabaki lita 3 kwenye mita 10, lita 2 kwenye mita 20, na lita 1.5 kwenye mita 30. Hiyo lita moja na nusu ni karibu sawa na hewa inayobaki kifuani hata ukitoa pumzi mpaka mwisho kabisa. Mbavu haziwezi kujikunja sana kupita hapo, na ndiyo maana zamani wataalamu waliamini kwamba binadamu akishuka zaidi kifua chake kitapondeka. Robert Croft, mzamiaji wa jeshi la majini la Marekani, alifika mita 73 mwaka 1968. Jacques Mayol, Mfaransa, alifika mita 100 mwaka 1976 karibu na kisiwa cha Elba. Kilichowaokoa ni damu: nafasi iliyoachwa na hewa hujazwa na damu inayoingia kwenye mishipa ya kifua, inayoweza kufika lita nzima.

Msaada huo una gharama. Mishipa inatuna na kuegemea utando ule ule mwembamba, na upande wa pili hewa ya kuushikilia imepungua. Mzamiaji akishuka haraka kuliko mwili wake ulivyozoea, au akijinyoosha vibaya huko chini, utando unachanika na damu inavuja kwenye vifuko vya hewa. Huku ndiko kubanwa kwa mapafu. Kwa mwogeleaji na kwa mzamiaji, damu inasukuma upande mmoja na utando unashindwa, na baridi huongeza msukumo kwa wote wawili.

Hatua ya 1: Jichunguze kabla ya kupanga siku

Pima presha. Hili ndilo la kwanza, hata kama una umri wa miaka thelathini na unajiona mzima. Mwaka 1989 daktari wa moyo wa Uingereza, Peter Wilmshurst, na wenzake walieleza habari za wazamiaji na waogeleaji waliojaa maji mapafuni kwa sababu ya baridi, na baadhi yao baadaye walipata ugonjwa wa presha ya kupanda. Kwa maneno mengine, maji baridi yanaweza kufichua tatizo ambalo bado halijaonekana nchi kavu. Mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye ugonjwa wa moyo au wa vali za moyo, asiingie kwenye maji baridi bila idhini ya daktari anayejua anataka kufanya nini huko.

Umri unachangia, na wanawake wanaonekana kupatwa zaidi. Nchini Sweden kuna shindano la kuogelea mtoni liitwalo Vansbrosimningen, lenye umbali wa kilomita 3, ambako madaktari wamekuwa wakifuatilia tatizo hili kwa miaka kadhaa. Waliopatwa ni kama wanne kwa kila waogeleaji elfu moja, wengi wao wanawake. Si idadi ya kutisha, lakini kundi kubwa likiingia majini, ni karibu hakika kwamba kuna mtu litampata, na waandaaji wa mashindano wanapaswa kujiandaa hivyo.

Aliyewahi kupatwa, hata mara moja tu na kwa wepesi, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupatwa tena. Habari hiyo mwambie mwenzako wa majini kabla hamjaingia.

Kama una mafua, kikohozi au kifua kinachobana, ahirisha. Mwenye pumu ajue kwamba baridi na kuhema kwa nguvu vinaweza kuibua shambulio, na dawa yake ya kuvuta isiachwe nyumbani. Aspirini na dawa nyingine zinazopunguza kuganda kwa damu zinaweza kufanya mchaniko mdogo utoe damu nyingi. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya kuzamia. Acha kuzamia, uongee na daktari.

Kisha kuna suala la maji ya kunywa, ambalo wengi hulielewa kinyume. Kunywa kiasi cha kukata kiu kunatosha. Kujijaza maji kabla ya kuogelea kunaongeza majimaji kwenye damu wakati ule ule ambao kifua kinaelemewa. Mwaka 1995 iliripotiwa habari ya vijana wanane wa mafunzo ya kijeshi nchini Israeli waliokunywa karibu lita tano kila mmoja kabla ya kuogelea masafa, wakatoka majini wakikohoa damu. Hawakuwa wazee wala wagonjwa.

Hatua ya 2: Chagua suti inayokuruhusu kupumua

Suti ya neopreni, yaani mpira laini unaohifadhi joto, ni ya lazima kwenye maji baridi, kwa sababu maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa. Lakini suti inayobana kifua na tumbo inaongeza mzigo ule ule tunaoukwepa: inasukuma damu ndani, na inazuia mbavu kutanuka.

Ijaribu hivi. Ivae kamili, funga zipu mpaka juu, simama wima, vuta pumzi polepole mpaka kifua kijae. Mabega yasipande kutafuta nafasi. Kisha chuchumaa, vuta tena. Ukihisi suti inasimamisha pumzi kabla mapafu hayajajaa, au ukihisi mpigo wa damu shingoni kwa sababu ya kola, hiyo si saizi yako. Muuzaji atakuambia italegea. Italegea kidogo, lakini mapafu yako yatafanya kazi ya kuilegeza wakati wewe unahitaji pumzi.

Mzamiaji akumbuke pia kwamba neopreni hujaa viputo vya gesi, na viputo hivyo hubanwa na kina. Suti iliyokuwa nene juu ya maji huwa nyembamba kwenye mita 20, kwa hiyo chini unapoteza joto zaidi na unakuwa mzito zaidi. Maji yenyewe mara nyingi yana tabaka la baridi kali chini ya tabaka la juu lililopashwa na jua. Panga kwa baridi ya chini. Mkanda wa uzito uvaliwe nyongani, usikae juu ya tumbo. Uzito wenyewe uwe wa kukuacha unaelea juu ya maji hata ukishatoa pumzi.

Hatua ya 3: Ingia polepole, uso mwisho

Maji yaliyo chini ya nyuzi joto 15 huamsha mshtuko wa baridi. Ngozi ikipoa ghafla, mtu anavuta pumzi moja kubwa asiyoweza kuizuia, kisha anahema haraka haraka, moyo unaenda mbio na presha inaruka juu. Kilele chake ni katika nusu dakika ya kwanza, na hupungua ndani ya dakika mbili au tatu. Kama pumzi ile ya kwanza itavutwa uso ukiwa chini ya maji, mtu atavuta maji, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu mapafu. Kwa hiyo usiruke, wala usipige mbizi ya kichwa ukiwa na mwili mkavu.

Ingia kwa miguu, simama maji yakiwa kiunoni, jimwagie maji shingoni na kifuani. Toa pumzi ndefu kuliko unazovuta. Maji yakifika mabegani, tulia hapo mpaka uweze kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Sentensi ikikatika katikati, bado. Ukiweza kuisema yote, weka uso majini, uutoe, urudie mara chache.

Kuna sababu ya uso kuja mwisho. Baridi kwenye ngozi ya mwili inaamuru moyo ukimbie, na maji baridi usoni pamoja na kuzuia pumzi yanauamuru upunguze mwendo. Amri hizo mbili zikifika kwa pamoja, moyo unaweza kupiga ovyo. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, ambaye amechunguza maji baridi kwa miaka mingi, ameandika na wenzake kuhusu mgongano huo, na wanadhani unaweza kueleza baadhi ya vifo ambavyo huandikwa kwamba mtu amezama tu.

Mwili huzoea. Kuingia kwa dakika chache tu, mara tano au sita kwa siku tofauti, kunapunguza mshtuko kwa kiasi kikubwa. Lakini kinachozoea ni mshtuko wa mwanzo. Mtu aliyezoea baridi bado damu yake inapanda kifuani vile vile, na uzoefu wa miaka haujawakinga waogeleaji wengi na mapafu kujaa maji.

Ukianguka kwenye maji baridi bila kutarajia, usiogelee. Lala chali, elea, subiri pumzi irudi.

Hatua ya 4: Unapoogelea, sikiliza pumzi kuliko saa

Anza taratibu. Dakika kumi za mwanzo zisiwe za mashindano na mtu yeyote, kwa sababu ndizo dakika ambazo damu inajipanga upya. Anayeanza kwa kasi anapandisha presha ya mapafu wakati kifua tayari kimejaa.

Dalili za hatari huja kwa mpangilio ambao wengi waliopona huueleza kwa kufanana. Kwanza pumzi inakuwa fupi kuliko juhudi unayoitoa. Unapunguza kasi, haitulii. Kisha kikohozi kidogo kinachorudi rudi, kama kuna kitu kooni. Baadaye unasikia sauti ndani ya kifua, mkoromo au mchatuko mdogo kila unapovuta hewa, na ukikohoa ladha ya chuma inakuja mdomoni.

Usingoje mkoromo. Kama pumzi haitulii baada ya dakika moja ya kupunguza kasi, safari imekwisha. Geuka ulale chali, kichwa juu, inua mkono kuita msaada, shika boya lako, fungua zipu ya kola kama unaweza. Anayejikaza kumalizia umbali uliobaki anasukuma majimaji zaidi kwenye mapafu kwa kila mkono anaopiga, na ufukweni anafika akiwa bluu midomoni au hafiki. Ndiyo maana boya la rangi kali linalofungwa kiunoni kwa kamba ni chombo cha lazima kwangu: linakupa pa kushika wakati huwezi tena kuogelea.

Hatua ya 5: Unapozamia kwa pumzi moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wenye ujuzi hujiumiza.

Usizamie mpaka pumzi imetulia kabisa kutoka kwenye baridi. Usipumue haraka haraka kabla ya kushuka ukidhani unajaza oksijeni. Unachofanya ni kupunguza kabonidioksidi, ambayo ndiyo inayokuashiria kwamba hewa inahitajika, na hivyo unaweza kuzirai bila kuonywa. Usisukumie hewa ya ziada mapafuni kwa mashavu na koo. Baadhi ya wazamiaji wa mashindano hufanya hivyo, na imeshapasua vifuko vya hewa hata kwa mtu aliye juu ya maji.

Kuzamia na mapafu nusu ni mtego mwingine. Wapo wanaotoa hewa kabla ya kushuka ili kujizoeza na hali ya kina bila kwenda mbali. Piga hesabu: ukianza na lita 3 badala ya 6, kwenye mita 10 unabaki na lita 1.5. Yaani mita 10 zako ni sawa na mita 30 za aliyejaza mapafu. Ukitoa pumzi yote, mita tatu tu zinatosha kukubana. Zoezi hilo lisifanywe kwenye maji baridi na mtu asiye na mwalimu pembeni.

Ongeza kina kidogo kidogo, mita moja au mbili, na ukae kwenye kina hicho kwa mbizi nyingi za siku tofauti mpaka ushuke na kupanda bila mkazo wowote. Masikio yako yanaweza kukubali mita 25 leo, lakini hayana habari yoyote kuhusu kifua. Mbavu na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huchukua miezi kulegea. Ukikaa bila kuzamia kwa muda, usianzie ulipoachia.

Ukiwa chini, mwili uwe laini. Kidevu kishuke, usiangalie chini kutafuta mwisho wa kamba unayoshukia, kwa sababu unashuka kichwa kikitangulia, na kukiinua ili uone kunavuta koo na kifua vilivyokwisha kubanwa. Ukifika mwisho, geuka polepole. Mkono usinyooshwe ghafla juu ya kichwa kukamata kamba, na usijipinde kuchungulia kitu chini ya jiwe. Hewa ikiwa imebanwa, kutanua kifua kwa nguvu kunafanya kazi ya pampu: kunavuta, na kinachovutwa ni damu.

Kiwambo kikianza kurukaruka kutaka hewa ukiwa bado unashuka, geuka. Kila mruko ni jaribio la kuvuta pumzi kwenye mapafu yasiyo na nafasi. Kwenye maji ya uvuguvugu mruko huo unaweza kuwa umechelewa, lakini kwenye baridi unakuja mapema, kwa sababu mwili unachoma oksijeni kutengeneza joto. Kutetemeka peke yake kunaweza kuzidisha matumizi ya oksijeni mara kadhaa. Misuli ya mbavu iliyokakamaa kwa baridi nayo haikunjiki vizuri. Kwa hiyo ukianza kutetemeka, siku ya kuzamia imekwisha, hata kama ulipanga mbizi tatu zaidi na umesafiri mbali kufika hapo.

Na mtu mwenye mtungi asikupe hewa chini. Pumzi ya hewa iliyobanwa itatanuka ukipanda, na kupanda mita moja na ushee tu ukiwa umejaza mapafu na kufunga koo kunatosha kuyapasua.

Wawili wawili: mmoja chini, mmoja juu anaangalia. Anayetoka aendelee kuangaliwa kwa nusu dakika nzima baada ya kuvuta pumzi ya kwanza, kwa kuwa wengi huzirai wakiwa wameshafika juu. Kati ya mbizi pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na zaidi kama ulienda kina kirefu.

Hatua ya 6: Ukitoka, jikague

Vua au legeza suti, kausha, jifunike, keti wima. Usilale. Kisha kohoa mara moja kwa makusudi na uteme kwenye kitambaa cheupe au kiganjani, mahali penye mwanga. Mate meupe ni sawa. Uzi mwembamba mwekundu ndani ya mate, povu la waridi, au chembe nyekundu iliyokolea ni damu. Inaweza kuwa imetoka puani au kwenye sinasi, yaani matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, jambo la kawaida kwa wazamiaji. Safisha pua kwanza, suuza mdomo, kisha kohoa tena kutoka kifuani. Ikirudi, ichukulie kuwa imetoka kwenye mapafu.

Vuta pumzi ndefu kwa utulivu, usikilize. Mwenzako aweke sikio mgongoni, chini ya mabega, pande zote mbili. Mchatuko mdogo mwishoni mwa pumzi, kubanwa kifua, kuhisi kuna maji ndani, uchovu usio wa kawaida, sauti iliyokwaruza: moja ya hizo inatosha kuacha. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila vidole vya baridi hukidanganya. Pasha mkono joto kabla ya kusoma namba. Na namba nzuri haifuti damu uliyoiona.

Hapa ndipo ninapoomba usijidanganye. Nicholas Mevoli, mzamiaji wa Marekani, alifariki tarehe 17 Novemba 2013 kwenye shimo la Dean's Blue Hole huko Bahamas baada ya kujaribu mita 72 bila mapezi ya kuvaa miguuni. Alitoka majini mwenyewe, akaonyesha ishara kwamba yuko sawa, kisha muda mfupi baadaye akapoteza fahamu. Iliripotiwa kwamba mapafu yake yalikuwa yameshaumia kwenye mbizi za siku za nyuma. Mapafu yaliyovuja jana hayajapona leo, hata kama mwenyewe anajisikia vizuri.

Hatua ya 7: Mtu akipatwa

Mtoe majini bila kumwogelesha. Asitumie nguvu zake. Mketishe wima, miguu ikining'inia ikiwezekana. Fungua zipu ya suti, au ikate kama inabana. Mkaushe na kumpasha joto taratibu. Mpe oksijeni kama ipo na kuna anayejua kuitoa. Piga simu ya dharura mapema, usisubiri uone kama itapita, kwa sababu hali inaweza kubadilika kwa dakika.

Usimnyweshe maji mengi. Ni huruma inayoumiza: mapafu yake yana maji ya ziada tayari, na unamwongezea. Usimlaze chali akiwa anahema kwa shida.

Akiwa hana fahamu na hapumui, anza na pumzi za uokoaji kama ulivyofundishwa, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, bila kukoma mpaka msaada ufike. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta. Litaendelea kutoka, wewe endelea kumpa hewa.

Hospitalini, sema mambo manne bila kusubiri kuulizwa: maji yalikuwa baridi kiasi gani, ulikuwa unaogelea au ulizamia mita ngapi, ulipaliwa au hukupaliwa, na dalili zilianza lini. Bila maelezo hayo unaweza kutibiwa kama mgonjwa wa nimonia. Nenda siku hiyo hiyo. Kwa waogeleaji wengi maji ya mapafuni huondoka ndani ya siku moja hadi mbili, na ukienda baada ya hapo picha ya kifua itaonekana safi na tukio litakosa ushahidi. Omba pia moyo ukaguliwe, kwa kipimo cha umeme wa moyo na picha ya mawimbi ya sauti, na presha ipimwe tena ukishapona.

Kurudi majini

Baada ya kubanwa kwa mapafu, hata kwa kuona uzi mmoja wa damu, kaa nje ya kina kwa wiki mbili kwa uchache. Kama damu ilikuwa nyingi, kama oksijeni ilishuka au ulilazwa, muda ni miezi na mwenye kuamua ni daktari. Unaporudi, anza kwenye kina ulichokuwa ukikiona ni cha wanafunzi, na ukae hapo. Tafuta pia kilichosababisha: ulinyoosha mkono, ulishuka ukiwa na hofu, ulikuwa unatetemeka, uliruka mita tano kwa siku moja? Bila jibu, mbizi ijayo ina hatari ile ile.

Kwa mwogeleaji aliyejaa maji mapafuni, kurudi kunasubiri uchunguzi wa moyo na presha. Akiruhusiwa, arudi kwenye maji yenye joto zaidi, suti iliyolegea, mwendo wa taratibu, karibu na ufukwe, na mtu wa kumwangalia anayejua yaliyompata. Ikimpata mara ya pili, asitafute daktari mwingine wa kumruhusu. Zipo dawa ambazo madaktari wamezijaribu kwa watu wa aina hii ili kushusha presha ya mishipa ya mapafu, lakini si za kujinunulia mwenyewe, na hazimrudishi mtu kwenye mashindano ya baridi kwa kumeza kidonge asubuhi ya siku ya tukio.